Barua ya Osundwa Niliyoifungulia Kisiwani

Dada Nafula,

Mulembe. Nakusalimu wewe, nawasalimu shemeji na watoto, na kabla ya mengine nauliza hali ya mguu wako. Ulisema uliteleza mtoni siku za mvua. Je, sasa unatembea sawasawa au bado unashika fimbo? Na kikohozi cha mtoto mdogo kimeisha? Mimi mwilini ni mzima. Viganja vyangu vilichubuka vibaya lakini vimeota ngozi mpya, na kalamu naishika bila maumivu.

Barua yako ilifika juzi na lori la unga. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Hukunilaumu kama wengine. Umeniuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, ulikuwa wapi?" Ndugu yetu Osundwa nilimpelekea telegramu kwamba habari zilinifikia nimeshachelewa. Huo si uongo, lakini si ukweli wote. Wewe nakuandikia wote. Ukimaliza kusoma, uamue mwenyewe kama Mama aambiwe.

Hapa nilipo ni mwisho wa barabara, kaskazini kabisa ya pwani. Tunalinda hifadhi ya bahari: visiwa vya mawe, mikoko, miamba iliyo chini ya maji, na fukwe ambako kasa wanapanda kutaga. Tuko askari watano, na mtu wa bara ni mimi peke yangu. Wenzangu ni watu wema. Wananigawia samaki, wananicheka kwa upole nikipita kwenye tope la mikoko kama mtu anayekanyaga miiba. Lakini Jumapili ikifika wao hawana kanisa la kwenda, na mimi sina mwenzangu. Natembea mpaka mwisho wa ufuo, naimba nyimbo zetu, sauti ya kwanza mimi, ya pili mimi, halafu narudi. Ni miaka mitatu sijasikia mtu akiniambia "mulembe". Siku nyingine nalitamka mwenyewe njiani, nisikie tu linavyolia.

Basi wiki ile alikuja mgeni. Mama wa Kizungu mwenye mvi, mwalimu aliyestaafu, ambaye ujanani alifundisha Tanganyika na Kiswahili chake bado anacho, polepole lakini safi. Sote tulimwita Mwalimu. Alikuja na mifuko miwili mirefu, akaifungua pale mchangani, akatoa vipande vya mbao na ngozi ya turubai na mpira, akavifunga vifundo na kuvikaza, na baada ya saa moja kukawa na chombo. Chembamba, kirefu, kimefunikwa juu, na matundu mawili ya kukaa watu, mmoja mbele mmoja nyuma. Alikiita kayaki. Kafi lake lina bapa huku na huku, unapiga kushoto na kulia bila kulibadilisha mkono. Alikuwa na kibali cha kupita hifadhi yote mpaka ncha ya kaskazini, kwa siku saba, akihesabu ndege wa baharini. Sharti lilikuwa moja: afuatane na askari.

Mkubwa wetu alituuliza nani ataenda. Athman, ambaye amezaliwa kwenye maji haya na ndiye rafiki yangu wa karibu hapa, alikizunguka kile chombo mara mbili, akakibonyeza kwa kidole.

"Mimi chombo kinachokunjwa kama shati sikipandi," akasema.

Wote wakacheka. Nikasema nitaenda mimi. Kuogelea nilishajifunza, na kukaa kituoni kulikuwa kumenichosha.

Jioni ya Jumatatu, kesho yake tuondoke, lori lilikuja, na ndani ya mfuko wa barua mlikuwa na yangu moja. Niliujua mwandiko kabla ya kusoma jina. Unamjua Osundwa, herufi zake zote zinalala upande mmoja. Moyo ukawa mzito. Nikajua ni mambo ya miwa tena.

Dada, wewe ulikuwa umeshaolewa Khwisero, mambo hayo uliyasikia kwa watu tu. Ngoja nikwambie mimi yalivyokuwa. Wakati ule miwa ilikuwa imeingia kila boma la Matungu. Trekta zililima mpaka kingo za njia. Watu waling'oa migomba na mihogo, waliokuwa na nyasi wakaezeka mabati, na vijana wote wakawa wanazungumza habari za kiwanda tu. Baba naye akaandikisha shamba lote, hata kile kipande cha karibu na kijito alichonionyesha nijenge. Mimi nilikuwa kazini Kakamega mjini. Niliporudi mwisho wa mwezi nilikuta nguzo zangu zimeng'olewa, zimelazwa kando ya choo, na udongo umegeuzwa. Baba alisema, "Utajenga pale juu. Ni mawe, lakini nyumba hailimwi." Nami nikamjibu, mbele ya Mama, "Basi hesabuni kwamba mna mtoto mmoja wa kiume." Baba aliendelea kunoa jembe lake. Wiki hiyo hiyo nikaja huku.

Ndiyo maana barua ya Osundwa sikuifungua. Niliiweka ndani ya kopo la viberiti, nikafunga kifuniko, nikasema nitaisoma siku nitakayokuwa na nafasi ya kukasirika.

Tuliondoka Jumanne asubuhi, upepo ukiwa nyuma yetu. Sitakuficha, nilifurahi. Ndani ya kayaki unakaa chini sana, maji yanakufika kwenye kiwiko, na hakuna injini, kwa hiyo viumbe hawakimbii. Tulipita vijito vya mikoko vyembamba ambamo boti letu haliingii, kaa wekundu wakipanda kwenye mizizi, korongo wamesimama wakitutazama kama wazee kwenye baraza. Kwenye majani ya chini ya maji niliona kasa akila kama ng'ombe, kichwa chini, hana habari na sisi. Siku ya pili tulizunguka visiwa vya mawe vilivyoliwa chini na mawimbi mpaka vimebaki kama uyoga, na juu yake ndege maelfu wakipiga kelele. Mwalimu alikuwa akihesabu na kuandika kwenye daftari. Hatukuzungumza sana. Kazi yangu ilikuwa kupiga kafi kwa mwendo mmoja na wake, na kuna saa ambazo sikuwaza kitu chochote, wala nyumbani, wala miwa.

Alhamisi adhuhuri tulikuwa kwenye kisiwa cha mbali kuliko vyote, tunangoja maji yajae tuvuke kuendelea mbele. Nikakusanya vijiti nipike ugali. Nilipofungua kopo nitoe kiberiti, barua ilikuwa juu. Nikafikiri, hapa hakuna mtu wa kuniona nikikasirika. Nikaifungua.

Sikumbuki kila neno, na utaona kwa nini siwezi kulitazama tena. Lakini ilikuwa hivi:

"Kaka, Baba anaumwanga kifua tangu mwezi uliopita. Haendi shamba tena. Hajasema uje kwa sababu anaogopa utakataa. Lakini kila chakula kikiletwa anauliza, huyo wa baharini anakulanga nini huko? Wanampikia ugali wa kweli, obusuma, ama anakula samaki tupu kama ndege? Sisi tunashindwa kumjibu. Andika haraka umwambie unakula nini."

Ni hayo tu. Miwa haikutajwa hata mara moja.

Mwalimu aliniona nimekaa na unga mkononi na sufuria inachemka. "Habari mbaya?" akauliza.

"Baba yangu anauliza nakula nini."

"Hiyo ni habari nzuri."

"Anaumwa."

"Tangu lini?"

Nikamwonyesha bahasha. Barua ilikuwa imetembea wiki tatu. Alitazama kaskazini, tulikokuwa tunaelekea, ambako gari lingetupokea baada ya siku nne. Kisha akageuka kutazama tulikotoka, bahari yote imechafuka meno meupe, upepo unatupiga usoni.

"Kuendelea mbele ni rahisi, lakini ni siku nne," akasema. "Kurudi ni vigumu, lakini labda ni siku mbili. Unataka nini?"

Ilikuwa safari yake, na niliona daftari lake lilivyojaa. Akasimama, akapangusa mchanga kwenye suruali.

"Mimi nilikuwa Tanganyika babangu alipokufa," akasema. "Nilimzika kwa telegramu. Kunja hema."

Alasiri hiyo tulipiga kafi mpaka mikono ikawa haina nguvu, na tulipopanda ufukoni bado tulikiona kile kisiwa nyuma yetu, hakijawa kidogo. Ijumaa ilikuwa vivyo hivyo. Viganja vyangu vikapasuka. Mwalimu alinifunga vitambaa, naye vyake nikamfunga. Mwanamke wa umri wa senge, shangazi yetu, Dada, na hakusema hata mara moja kwamba amechoka. Alihesabu tu: "Hamsini, tupumzike. Hamsini tena." Mimi kila nikiinua kafi nilikuwa namjibu Baba moyoni. Nakula ugali, Baba. Nakula wali wa nazi, mchicha, na samaki, na Athman ananiletea maziwa ya mbuzi. Ni kitu kidogo sana kuandika. Kingetosha karatasi moja.

Jumamosi asubuhi tulifika kwenye mlango kati ya kisiwa na mwamba, mahali ambapo maji ya kupwa yanatoka kwa nguvu yakigombana na upepo. Tulipaswa kungoja. Mwalimu alisema tungoje, na mimi nikasema hapana, twende sasa. Kosa hilo ni langu, si lake. Katikati ya mlango wimbi lilitupiga ubavuni, na kayaki ikapinduka. Nilijikuta kichwa chini, maji yameingia puani, na kiuno kimebanwa na kile kitambaa cha mpira tunachofungia tundu ili maji yasiingie. Nilivuta, hakikutoka. Nikavuta tena, kikaachia. Nilipoibuka nilimwona Mwalimu ameshika ncha ya kayaki kwa mkono mmoja, mvi zimemfunika uso, ananiita jina langu kwa sauti kubwa: "Wesonga! Wesonga!" Ni miaka mitatu nilikuwa naitwa Askari.

Mkondo ulitutupa kwenye mchanga, tuko hai. Lakini kafi moja lilikwenda, na dumu la maji, na chakula. Kopo langu lilikwenda, na barua ya Osundwa ndani yake. Daftari la Mwalimu lilikwenda pia, na hesabu zote za ndege. Alikaa akatazama baharini kidogo. Nilianza kumwomba msamaha, akanikatiza.

"Ndege wapo bado," akasema. "Twende."

Kwa kafi moja hatukuweza kupambana na upepo, kwa hiyo tulifuata ukingo wa mikoko, tukashuka majini tukawa tunaivuta kayaki kwa kamba. Jumamosi mchana, saa ambayo nyinyi mlikuwa mnamshusha kaburini, mimi nilikuwa nimezama mpaka kifuani, navuta kamba. Sikujua. Nilikuwa bado namjibu.

Tulifika kituoni Jumapili asubuhi. Athman alikuwa ufukoni. Desturi yake akiniona narudi hukunja suruali akaingia majini kunipokea, akinitania. Siku hiyo alisimama pale pale penye mchanga mkavu, mikono ameiachia, na miguu yake imekatwakatwa na mawe. Alikuwa ametembea siku nzima kwenye pwani akinitafuta, kwa sababu boti la kituo lilikuwa halina injini. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Wesonga," akasema, "njoo uketi kwanza."

"Lini?" nikamwuliza.

"Alikufa Jumatano. Habari zililetwa kwa redio Alhamisi. Wamemzika jana."

Nimepiga hesabu ya siku hizo mara nyingi, Dada, nikiwa zamu, nikila, nikifua nguo. Kama ningeifungua ile barua Jumatatu jioni, ningepanda lile lori Jumanne asubuhi. Ni safari ya siku tatu. Nisingemkuta hai. Lakini ningemzika. Hilo ndilo jibu la swali lako. Sikuwa mbali tu. Nilikuwa na barua ndani ya kopo na sikutaka kuisoma.

Wenzangu walinifanyia jambo ambalo sitalisahau. Walitandika mikeka nje ya chumba changu, wakakaa nami matanga siku tatu, kwa ajili ya mzee wasiyemjua, wa dini nyingine, wa upande mwingine wa nchi. Walisoma dua zao, walinipikia, na Mwalimu alikaa mkekani nao, miguu ameikunja, mpaka siku ya tatu gari lilipokuja kumchukua. Siku ya kwanza Athman aliniuliza, kama wanavyouliza huku, "Babako alikuwa mtu wa namna gani? Tuambie, tumjue tunayemwombea."

Nikafungua mdomo, Dada, na kilichonijia ni miwa. Ni nguzo zangu kando ya choo, na ile sauti ya kunoa jembe. Miaka mitatu nimekaa nimelishika jambo hilo moja mpaka mengine yote yakatoka. Walikuwa wananingoja. Nikasema, "Alikuwa mkulima." Kisha nikaona aibu. Baadaye kidogo nikakumbuka alivyokuwa tulipokuwa watoto, mwaka ule wa njaa, alikuwa haanzi kula mpaka kila mmoja wetu amwonyeshe bakuli lake. Alitazama ndani, akasema "haya," ndipo akanawa mikono. Nikawaambia hilo. Athman akaitikia kwa kichwa. "Basi huyo tunamjua," akasema.

Hapo ndipo nilipolia.

Sasa wamerudi kazini na mimi nimerudi. Bahari iko vile vile. Wananitendea vizuri, lakini hakuna ninayeweza kumwambia, "Unakumbuka Baba alivyokuwa akikohoa akikaribia nyumbani, ili tuache kelele?" Ndiyo maana nakuomba jambo. Usiniandikie walivyosema watu kwenye mazishi. Hayo nayajua bila kuambiwa. Niandikie miaka mitatu hii alikuwaje. Alikuwa bado anavaa lile koti? Alicheka na nini? Mguu wake wa kushoto ulikuwa unamsumbua? Andika hata mambo ya kipuuzi, na ukikumbuka jingine baada ya kufunga bahasha, liandike juu ya bahasha.

Mkubwa wetu amekubali niende likizo mwanzo wa mwezi ujao. Nitapanda basi mpaka Kakamega, kisha Mumias, na kutoka hapo nitatembea.

Unisalimie Mama, umwambie nimeuliza kama anapata usingizi. Umsalimie Osundwa, umwambie sina neno naye. Yeye ndiye aliyekuwa karibu wakati mimi sikuwa, na ile miwa aiache ilivyo, asikate hata mmoja kwa ajili yangu. Salamu kwa mke wake aliyempikia Baba siku za mwisho. Namshukuru kwa kila sahani. Salamu kwa senge yetu, dada yake Baba, najua yeye ndiye aliyekasirika kuliko wote na ana haki. Katekista wetu, umwombe anikumbuke Jumapili. Shemeji, mpe mkono kwa niaba yangu, umwambie nakuazima kwa siku mbili.

Kwa sababu nataka uje Matungu, Dada, uwepo kabla sijafika. Unajua desturi: aliyekosa mazishi anapaswa kuingia akilia tangu langoni, watu wamsikie. Naogopa nitafika pale na sauti itakataa kutoka. Nimekaa kimya muda mrefu sana, na watu watasema nimekuja na moyo mkavu. Ukiniona nimesimama langoni sisemi kitu, usiwaache waniite ndani. Njoo usimame kando yangu, ulie wewe kwanza, kwa lugha yetu, kwa sauti yako ile kubwa.

Mimi nitafuata.

Ndugu yako unayemfuata kuzaliwa,
Wesonga